Picha ya "Colonie Belge" aliyoiacha marehemu baba: Tshibumba alikuwa nani, na tuifanyeje?

Msomaji wa Uyole, Mbeya, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Marehemu baba yetu alikuwa dereva wa malori. Tangu miaka ya sabini alikuwa anapita Tunduma, anakatiza Zambia mpaka Lubumbashi. Ametuachia picha iliyochorwa kwenye kitambaa kama cha mfuko wa unga. Mfungwa amelazwa chini anachapwa, Mzungu kasimama na kiko mdomoni, kuna bendera, na juu pameandikwa Colonie Belge 1885–1959. Chini pembeni kuna jina Tshibumba K.M. Ilikaa sebuleni miaka yote. Ilikuwapo na nyingine ya mwanamke mwenye mkia wa samaki, mama aliichoma alipookoka. Kaka anataka tuuze hii iliyobaki, kasikia zina hela Ulaya. Huyu Tshibumba ni nani? Picha ni yake kweli? Na mwenzio hata kuitazama siwezi. Kwa nini baba aliweka kitu cha kutisha namna hii mahali pa wageni?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana na msiba. Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo lililobeba mengine.

Miaka ya sitini na sabini, ukikaribishwa kwa mfanyakazi wa mgodi, karani au fundi wa reli mjini Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, miji ya shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo, sebuleni ungekuta makochi yenye vitambaa vya kufuma, redio, na ukutani picha moja au mbili za kuchorwa kwa mkono. Hazikuchorwa kwa ajili ya watalii. Alizichora kijana wa mtaa wa pili, akazitia kwapani, akapita nyumba kwa nyumba, akaziuza kwa bei ambayo mtu wa mshahara angeitoa bila kugombana na mkewe. Mada zake zilikuwa chache na zilijulikana: kijiji cha mababu jua linapozama, tembo na chui, msafara wa watumwa, mamba muntu (huyo mwanamke wenu wa mkia wa samaki, nitamrudia), bomba refu la tanuru la shaba na kilima cheusi cha mabaki ya mgodi, vita vya Katanga, Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, na hiyo yenu, Colonie Belge. Mnunuzi hakutafuta kitu kipya. Alitaka ileile aliyoiona kwa shemeji yake, ila iwe yake.

Wenyewe waliziita picha za ukumbusho, na kazi yake ilikuwa hivi: mgeni anakaa, anasubiri chai, macho yanamwenda ukutani, anauliza. Mwenye nyumba anaanza kusimulia. Watoto walioko chini kwenye mkeka wanasikia. Picha isiyo na msimulizi pembeni yake ni nusu ya kitu, na nadhani ndicho kilichokupata wewe: umerithi nusu iliyochorwa, nusu ya kusemwa imezikwa na mzee.

Tuitazame basi. Nimeikuza ile uliyonitumia mpaka nyuzi za kitambaa zikaonekana. Ni uani wa gereza. Bendera ya Ubelgiji inapepea, nyeusi, njano, nyekundu. Mfungwa amelala kifudifudi, kaptura imeshushwa, na mistari mitatu myekundu imeshapita. Mchoraji ameivuta kwa brashi nyembamba bila kusitasita, na wa tatu umemwagika kidogo ukingoni. Anayechapa ni askari Mwafrika mwenye kofia nyekundu ya tarabushi, mkono wa kiboko uko juu. Mzungu hachapi. Amesimama kando na kofia yake ya jua, mkono mmoja mfukoni, na wala hamwangalii anayepigwa, anatuangalia sisi. Nyuma, wafungwa wengine wenye sare za mistari wanaendelea kubeba maji. Langoni kuna mwanamke na kikapu cha chakula, hajaruhusiwa kuingia.

Ungetegemea picha ya kumlaani Mbelgiji imweke Mbelgiji katikati, sivyo? Lakini katikati ni watu wawili weusi, mmoja juu na mmoja chini. Kila aliyeketi kwenye yale makochi alimjua askari wa namna ile. Wengine walikuwa watoto wake. Na hapo ndipo ukali wake ulipo: mwaka 1973 au 1974, chini ya Rais Mobutu, hakuna aliyethubutu kutundika sebuleni picha ya polisi wa siku hiyo akimpiga raia. Lakini Colonie Belge? Hiyo ni historia, ni ubaya wa mkoloni, nani angelalamika? Watu walitazama ya zamani wakaongea ya leo. Baba yako, mtu aliyepita vizuizi vyote kuanzia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hadi mjini, sidhani kama alihitaji mtu wa kumfafanulia. Na wazee wetu huku nao walikijua kiboko. Walioishi chini ya Mjerumani walisimulia "hamsa ishirini" mpaka wajukuu wakaihesabu kwa vidole.

Hiyo miaka iliyoandikwa juu, 1885–1959, usiifundishie mtihani. Kuanzia 1885 hadi 1908 Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji, ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II. Ubelgiji iliichukua 1908, na uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Wachoraji wa Lubumbashi waliyafunga yote kwenye furushi moja. Kwa mtu aliyelala kifudifudi, kubadilika kwa hati ya umiliki hakukumpunguzia fimbo hata moja, kwa hiyo mimi siwalaumu.

Sasa mwenyewe. Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji ulioitwa Elisabethville, ambao tangu 1966 ni Lubumbashi. Hakupita chuo cha sanaa. Aliishi kwa brashi kama wenzake wengi wa Katanga, akichora zile mada zinazouzika, kwenye kitambaa cha mifuko ya unga kilichopakwa rangi nyeupe kwanza ili kishike. Angeishia hapo, jina lake lingekuwa limesahaulika kama ya wengine. Kilichomtofautisha ni kwamba hakuridhika na kuuza Lumumba mmoja hapa na mamba muntu mmoja pale. Alijihesabu kuwa mwanahistoria, na alitaka kuichora nchi nzima, kuanzia mababu hadi Mobutu, kipande baada ya kipande. Tatizo lilikuwa mteja. Nani ana ukuta wa kutosha? Na nani anataka kula wali mbele ya picha ya mauaji?

Mteja alipatikana mwishoni mwa 1973: Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Tshibumba alimfikia na picha za kawaida, wakazungumza, na kutokea hapo mpaka 1974 akachora zaidi ya picha 100, zote za historia ya nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Alizileta kwa mafungu. Akifika, kinasa sauti kinawashwa, anasimulia kila picha, kisha wanaulizana na kubishana. Kwa lugha gani? Kiswahili, kile cha Lubumbashi chenye "batu" badala ya watu na Kifaransa kikidondoka katikati. Kazi hiyo ilikuja kutoka kama kitabu kikubwa mwaka 1996, na picha zenyewe zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho Amsterdam. Kinachoniuma ni kwamba historia iliyosimuliwa kwa Kiswahili, na mtu ambaye dereva wa Mbeya angemwelewa kwa kikombe kimoja cha chai, wengi wetu tukitaka kuisoma tunaifuata kwa Kiingereza. Afadhali sehemu ya yale mazungumzo imewekwa kwenye intaneti kwa Kiswahili chake kilekile. Ukipata nafasi, yasome kwa sauti. Utamsikia mtu, siyo mhadhara.

Alichora nini humo? Nikianza na lililo karibu nasi: Msiri. Huyu kwa asili ni mtu wa kwetu, wa upande wa Unyamwezi. Alikwenda Katanga na biashara ya pembe na shaba, akajenga dola yake, makao makuu Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na ofisa Mbelgiji, Omer Bodson, aliyekuwa kwenye msafara uliotumwa kuitwaa nchi yake kwa ajili ya Leopold. Bodson naye hakutoka mzima. Kichwa cha Msiri kilikatwa. Mtu wa Iringa akisoma hapo hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka uleule, tarehe 17 Agosti, Wahehe walikuwa wameliangamiza jeshi la Mjerumani Zelewski pale Lugalo, na miaka saba baadaye ilikuwa zamu ya Mkwawa, kichwa kikaenda Ujerumani, fuvu likarudi Kalenga 1954. Habari hizi mbili zinafanana kama ndugu. Tofauti ni kwamba kule alitokea kijana wa mtaani akayatoa hayo kwenye vitabu akayapeleka ukutani, na watu wakayanunua kwa mshahara wao. Huku tuna fuvu, tuna makumbusho, tuna shule yenye jina la Mkwawa, lakini ingia sebule kumi za Iringa mjini uniambie umekuta Lugalo ngapi. Utakuta kalenda ya benki. Mafundi hatukuwakosa, wale waandika mabango wa Mwanjelwa, kabla ya mashine za kuchapa mabango ya plastiki kuwanyang'anya kazi, walikuwa na mkono mzuri kabisa. Aliyekosekana ni mnunuzi.

Alichora mgomo wa wachimba madini wa Union Minière, kampuni iliyoitafuna Katanga tangu 1906. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, wakakusanyika uwanja wa mpira Elisabethville, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi. Makumi walikufa. Kwenye vitabu vya shule vya Mbelgiji hayo usingeyakuta, ila kila familia ya mgodini iliyajua.

Alichora pia "Simba Bulaya", hofu ya watu waliodaiwa kutumwa na Wazungu kuteka Waafrika usiku. Msomaji wa Tanzania atasema papo hapo: mumiani! Na nyinyi wa Mbeya mna habari zenu za wachuna ngozi ambazo sitaki kuzifufua. Msomi wa chuo angeliweka jambo hili kwenye fungu la imani za watu. Tshibumba aliliweka kwenye historia, katikati ya magavana na mikataba, kwa sababu watu waliliogopa kweli na hofu yao ilibadili namna walivyotembea, walivyofunga milango, walivyomtazama bosi. Naona hapo alikuwa sahihi kuliko wengi wenye shahada.

Na alichora Lumumba, tena na tena. Hotuba ya 30 Juni 1960 mbele ya Mfalme Baudouin. Kukamatwa. Kisha mauaji ya tarehe 17 Januari 1961 karibu na Elisabethville, Lumumba na wenzake wawili, Mpolo na Okito. Kwenye picha ya mauaji miili imelala chini, na kule nyuma, mbali, ameweka misalaba mitatu juu ya kilima. Hakuna maelezo, na hayahitajiki kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa kanisani Ijumaa Kuu. Kumbuka alikuwa kijana wa miaka kumi na tatu au kumi na nne, katika mji huohuo, wakati jambo hilo likitendeka.

Mwisho wake ni mfupi kueleza, na ni mbaya. Bei ya shaba ilianguka mwaka 1974 na 1975. Biashara za wageni zilikuwa zimetaifishwa mwishoni mwa 1973 na kugawiwa wakubwa, zikafa mikononi mwao. Mwaka 1977 na 1978 vita viliingia Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, hadi Kolwezi. Mshahara wa mgodini haukununua tena unga, sembuse picha. Soko la ukumbusho lilikufa pamoja na sebule zake. Tshibumba aliendelea kuhangaika na brashi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna habari zake tena. Kaburi lake halijulikani.

Watu huniuliza kama yeye ni Tingatinga wa Kongo. Hapana. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuwa fundi wa kweli, na naye mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha, risasi ya polisi Dar es Salaam 1972. Lakini wateja wake wakubwa walikuwa wageni wa Oysterbay, na mteja ndiye anayeamua mchoraji atachora nini. Mgeni alitaka twiga. Karani wa Likasi alitaka apate cha kuwasimulia wanawe.

Haya, picha yenu. Ni ya Tshibumba kweli? Kwa picha ya simu hakuna mtu mkweli atakayekuapia. Colonie Belge ilichorwa na mikono mingi, na mchoraji mmoja aliirudia kila ilipoagizwa. Saini peke yake haitoshi. Lakini fikiri hivi: kabla ya kitabu cha 1996 kumpa sifa, nani angejisumbua kughushi jina la mchoraji wa mtaani ambaye mwenyewe anauza kwa bei ya debe la unga? Kwa hiyo swali kubwa si "saini ni ya nani" bali "baba aliinunua lini". Mkithibitisha kwamba ilikuwa ukutani kwenu mwaka 1978 au 1980, mmefika mbali. Tafuteni pasipoti zake za zamani zenye mihuri ya Kasumbalesa, karatasi za mizigo, barua. Zaidi ya yote, pekueni albamu: picha ya kipaimara, ya Krismasi, ya mtoto aliyekalishwa kwenye kochi, ambayo nyuma yake huo ukuta unaonekana. Picha ya namna hiyo yenye tarehe ya studio nyuma ina uzito kuliko maneno ya mtaalamu yeyote, mimi nikiwemo. Na kama tingo aliyesafiri na baba bado yupo, mfuateni mapema mkamrekodi.

Kuhusu kuitunza, kwanza msiifute kwa kitambaa kibichi wala sabuni. Rangi imekaa juu ya ile nyeupe ya chini, na ile nyeupe ikilowa inabanduka kama magamba. Vumbi litoeni kwa brashi laini kavu, polepole. Msiipeleke kulaminetiwa, tafadhali sana. Nimeshaona kazi ya miaka arobaini ikiokwa kwenye plastiki hivyo. Wala msiibandike kwa gundi kwenye plaiwudi. Fundi wa fremu mzuri atawatengenezea ya mbao yenye kioo, ila mwambieni aache nafasi kioo kisiguse rangi, na ile fremu ndogo ya asili nyuma asiing'oe misumari. Itundikeni ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua. Kuanzia Novemba mpaka masika yaishe Mbeya, ukuta wa nje unatoa jasho na ukungu unaotesha madoa. Na Juni na Julai mnapoingiza jiko la mkaa sebuleni kwa baridi, itoeni. Ikibidi kuviringishwa, rangi iwe upande wa nje, kwenye bomba nene, kamwe msiikunje.

Kaka asikilizwe, ila asikimbie. Hiyo ni mali ya mirathi, mkubaliane wote kwanza, mama akiwemo. Picha zenye jina hili zina thamani kwa makumbusho na wakusanyaji wa nje, na bei itategemea saini, hali ya kitambaa na ule ushahidi wa baba. Kwa hiyo kila mwezi mnaotumia kukusanya ushahidi unawaongezea, haupunguzi. Dalali atakayekuja mlangoni na fedha taslimu akitaka jibu leoleo, mpeni chai aende zake. Na msiiweke mtandaoni kwa sasa.

Ile ya mamba muntu imekwisha, na simlaumu mama. Kule iliaminika ni mwanamke wa majini anayempa mtu utajiri kwa masharti, na wenyewe walioitundika walijua wanacheza karibu na moto. Walokole wa Lubumbashi nao walichoma zao. Ila muulize mama kwa upole yule mwanamke wa kwenye picha alishika nini mkononi, kioo, kitana au nyoka, na kama kulikuwa na jina pembeni. Kama lilikuwa hilohilo, basi baba alinunua kwa mtu mmoja zaidi ya mara moja, na hilo liandikeni.

Sasa nitumie picha tatu: mbele, nyuma, na saini kwa karibu. Piga nje kivulini, asubuhi, bila flashi, na rula ikiwa imelazwa pembeni nione vipimo. Nyingi za wakati ule zilikuwa karibu sentimeta 40 kwa 70. Upande wa nyuma ndio ninaoutaka zaidi. Mara nyingine maandishi ya kiwanda cha unga bado yanasomeka.